Simu ya Upepo ya Mzee Optatus

Katika kijiji cha Namchele, bara kidogo ya Mitole, hakuna jambo linalowasumbua watu kama mtu mwenye shughuli isiyomletea faida. Mlevi wanamwelewa. Mwizi wanamwelewa, hata kama hawampendi. Mchawi naye wana maelezo yake. Lakini mtu mzima mwenye akili timamu, anayetoka shamba, akaoga, akala, kisha akaketi chini ya waya kuzungumza na Mjapani habari za mvua, bila kulipwa wala kulipa, huyo alikuwa mtihani.

Mtihani huo uliitwa Mzee Optatus. Maisha yake ya kazi aliyamalizia bandarini Mtwara, katika chumba cha simu ya upepo, akipokea sauti za meli. Alipostaafu alirudi kwao Namchele na masanduku yaliyojaa nyaya na vipuri. Watu walidhani amekuja kufungua duka la kutengeneza redio. Badala yake alisimamisha milingoti ya mianzi uani kwake, akatandaza waya katikati, akaunganisha mtambo wake na betri ya gari iliyochajiwa kwa jua, halafu akatangaza kwamba kila Jumamosi alasiri uwanja wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kujifunza redio ya ridhaa.

"Ridhaa, kama ngumi za ridhaa," aliwaeleza waliokuja. "Hakuna anayelipwa. Unafanya mtihani, serikali inakupa leseni na jina lako la hewani, basi unazungumza na yeyote duniani atakayekuitikia. Zamani vijana waliupenda mchezo huu kuliko bao. Simu za mkononi zilipoingia, wote wakauacha. Lakini masika ile barabara ilipokatika na minara ikanyamaza, nani kati yenu alijua kama ndugu zake wa Kilwa Masoko ni wazima? Nataka turudishe kitu tulichokitupa."

Jumamosi ya kwanza walijaa, kwa sababu walidhani kutakuwa na chai. Chai haikuwepo, na Jumamosi zilizofuata wakapungua, hadi akabaki Fauzia peke yake, mshonaji wa nguo, mwanamke wa makamo aliyechoka kusikiliza cherehani tu. Fauzia alisoma, akafanya mtihani, akafaulu, akawa na leseni yake. Wengine walirudi kutazama kutoka barabarani, na anayetazama kutoka barabarani huona mengi ambayo hayapo.

Waliona mzee anagonga kidude chenye mlio wa ti-ti-taa, halafu kutoka mbali kinajibiwa. Walisikia anataja herufi na tarakimu kama mtu anayesoma namba za magari. Waliona posta imemletea kadi zenye stempu za nchi wasizozijua, naye anazibandika ukutani kwa furaha. Na waliona ule waya. Waya ulikuwa na ncha mbili kama waya wowote, lakini watu wa Namchele waliiona moja tu, ile iliyoelekea msituni.

Msitu ndio uliokuwa roho ya kijiji. Mipingo na mininga ya humo ilikuwa mali ya wote, ilivunwa kwa kibali na kwa zamu, na kutokana nayo watoto walikuwa wamepata darasa lenye sakafu na akina mama wakapata chumba cha kujifungulia. Sasa mtu alikuwa anauiba. Kamati ya maliasili ilipanga doria, ikaingia, ikakuta visiki bado vinatoa maji na majivu ya moto yangali vuguvugu. Ikapanga nyingine, ikakuta vivyo hivyo. Wezi walikuwa wanaambiwa, na mwenye kuwaambia alikuwa ndani ya kijiji. Hilo halikuhitaji mganga.

Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Bi Romana, mjane, mkulima wa ufuta, mwanamke asiyeogopa nyoka wala mtendaji wa kijiji. Aliupenda msitu ule kama mtu anavyopenda shamba alilolilima kwa mkono wake, na kila kisiki kipya alikiona kama tusi alilotukanwa yeye. Makamu wake alikuwa Hasani, mtu wa maneno mengi na miguu myepesi.

"Mwenyekiti," Hasani alimwambia siku moja walipokuwa wamesimama mbele ya mninga ulioangushwa, "tunamtafuta mbuzi huku kamba tumeishika. Kabla ya huyu mzee kuja na waya wake, tulikuwa tunaibiwa hivi?"

"Tulikuwa tunaibiwa kidogo."

"Kidogo si hivi. Sasa tunaibiwa kitaalamu."

Neno lile lilimwingia Bi Romana. Jioni alipopita mbele ya nyumba ya Mzee Optatus na kusikia ti-ti-taa, alihisi kila mlio ni mti mmoja. Siku zilivyopita, kijiji kizima kikaamini hivyo. Watoto walikatazwa kupita pale, ingawa wakubwa waliendelea kuja asubuhi kuchaji simu kwa jua lake. Mteja wa Fauzia akachukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. Hatimaye mkutano mkuu wa kijiji ukatangazwa kuwa Alhamisi, na ajenda ikawa moja: milingoti ishushwe, na mwenye milingoti arudi Mtwara alikotoka. Abilahi, mtendaji wa kijiji, ambaye hakupenda kuamua jambo bila ushahidi, alimwita Bi Romana akamwambia alete uthibitisho kabla ya mkutano, maana kumfukuza mtu kwao si jambo la kusema tu. Bi Romana aliahidi kuuleta.

Kwanza alikwenda kumwona mtuhumiwa mwenyewe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Romana. Karibu ukae. Leo hewa ni safi, nimempata mtu wa Brazili. Mbuzi wake amezaa mapacha."

"Umeongea na mtu wa Brazili habari ya mbuzi?"

"Na mvua. Kwao imechelewa."

Bi Romana alitazama zile kadi ukutani, kisha kile kidude. "Na hiki kinacholia kama kifaranga kimenyeshewa?"

"Hizo ni herufi za mdundo. Mlio mfupi na mlio mrefu. Ukijua, unasoma kama gazeti."

"Kwa hiyo unaweza kusema jambo lako hapa, mimi nimekaa hapahapa, nisijue."

Mzee alicheka kidogo. "Wewe usijue, lakini dunia nzima itajua. Sheria yetu ya kwanza hewani ni kwamba hakuna siri. Kila mwenye redio anatusikia, na kila mara lazima tutaje majina yetu ya leseni. Mtu mwenye jambo la kuficha hawezi kuja huku, dada yangu. Atapanda kilimani na simu yake."

Namchele simu hazikamati mpaka upande kile kilima kilichoko nyuma ya shule, na huko hupanda kila mtu, mwenye mgonjwa na mwenye mchumba. Bi Romana aliyasikia maneno hayo yote akayaona ni jibu lililoandaliwa. Mtu asiye na hatia, alijiambia, hutafuta maneno. Huyu alikuwa nayo tayari. Aliaga akaondoka akiwa na shaka zaidi ya aliyokuja nayo.

Nyumbani kwake kulikuwa na utulivu, na hilo lilimfariji. Binti yake Agnes alikuwa ameolewa na kijana aliyeitwa Benjamin, na kama ilivyo desturi ya kwao, kijana alihamia kwa wakwe ili amtumikie mama wa mkewe kabla ya kupewa eneo la kujenga. Kijiji kilimsifu mkwe yule. Bi Romana akipita, Benjamin hushuka kwenye pikipiki yake, husogea pembeni na kuinamisha macho. Hakuwahi kumtazama mama mkwe usoni, hakuwahi kula naye sahani moja, na akiwa na neno, humwambia Agnes, naye Agnes humfikishia mama. Bi Romana naye alijibu vivyo hivyo. Walikaa ua mmoja kwa heshima kubwa na bila mazungumzo, na mama yule alijivuna kwa wenzake kwamba ana mkwe ambaye huwezi kujua kama yupo.

Kulikuwa na desturi nyingine pia. Doria haiingii msituni mikono mitupu. Siku moja kabla, Agnes hutwanga mtama, na asubuhi Bi Romana huumwaga ule unga chini ya mpingo wa kwanza mpakani, kuwaomba wazee waliotangulia wawafungulie njia. Yeye ni Mkatoliki, kwa hiyo akimaliza hufanya ishara ya msalaba. Hasani ni Mwislamu, kwa hiyo husoma dua. Padri na imamu walikuwa wanajua, na wote wawili walikuwa wamechagua kutojua.

Jumapili, baada ya ibada kigangoni, Bi Romana alimvuta Mzee Optatus pembeni. Alikuwa amekwisha kuusuka mtego wake.

"Kaka, Jumatano alfajiri tunaingia bonde la Lihonja. Hajui mtu isipokuwa mimi na wewe. Hata Hasani nitamwambia tukiwa njiani."

Mzee alishangaa. "Sasa mbona unaniambia mimi?"

"Nataka uje na ile redio yako ndogo ya mkononi. Simu kule hazikamati. Tuone kama kitu chako kina faida kabla ya mkutano."

Uso wa mzee ulichangamka. Alimshukuru mara nyingi, akasema atamwacha Fauzia kwenye mtambo nyumbani, akasema atachaji betri, akasema tangu aje hapa hakuna aliyemwomba kitu zaidi ya kuchaji simu. Bi Romana aliitazama furaha ile akaitafsiri kwa namna yake. Wezi wakitoweka Lihonja, uthibitisho atakuwa nao. Siri aliyopewa mtu mmoja ikivuja, haihitaji kuulizwa imepita mlango gani.

Ili hoja yake isiwe na tundu hata moja, aliamua kutomwambia mtu mwingine kabisa, hata binti yake. Hilo lilimpa taabu katika jambo moja. Kama hasemi, unga hautatwangwa. Aliwaza sana juu ya unga. Mwisho aliwaomba wazee wamsamehe kwa mara hii moja, akamwambia Agnes kwamba Jumatano anakwenda Mitole kuonwa macho.

"Nimwambie Benjamin akupeleke?" aliuliza Agnes.

"Mwache mkwe wangu apumzike. Nitapata lifti."

Jumatano, umande ukiwa bado kwenye nyasi, Bi Romana alikusanya watu wake mmoja mmoja majumbani mwao. Hasani alitoka akipiga miayo. Walipofika kwenye ule mpingo wa mpakani na mwenyekiti akapita bila kusimama, alimshika mkono.

"Leo tunaingia nyumba ya watu bila kubisha hodi?"

"Leo tunaingia kwa mlango wa nyuma."

"Na huyu?" Hasani alimtupia jicho Mzee Optatus, aliyekuwa akitembea nyuma na redio yake kifuani kama mama aliyebeba mtoto mchanga. "Si ndiye tunayemtafuta?"

"Ndiyo maana nimemleta. Wewe tembea."

Walitembea mpaka jua likapanda juu ya miti. Bi Romana hakuyaondoa macho yake kwa mzee. Alimwona akikagua redio, akimwita Fauzia kwa jina lake la leseni, akiitikiwa, akitabasamu. Alisikiliza kila neno, akakuta kwamba yote ni ya kawaida: betri imejaa, sauti inasikika, wako salama. Hata ukawaida ule ulimtia mashaka. Alikwisha kuandaa moyoni hotuba ya Alhamisi, namna atakavyosema kwamba tulikuta visiki na majivu, na kwamba nilimwambia mtu mmoja tu. Aliona mpaka pahali atakaponyamaza ili watu wamgeukie Optatus.

Walipoanza kuteremka bondeni, walisikia msumeno wa injini.

Bi Romana alisimama. Msumeno uliendelea kulia bila wasiwasi, kama wa mtu anayekata mti wake mwenyewe. Aliugeuza uso wake kwa Mzee Optatus. Mzee alikuwa amepunguza sauti ya redio na kuweka kidole mdomoni, akiwaashiria wengine wasikanyage matawi makavu. Kama angesema, kusingekuwa na mtu huku. Alikuwa amejua tangu Jumapili, na wezi walikuwa kazini. Shaka ya Bi Romana, iliyokuwa imekaa kwa yule mzee muda wote, ikainuka ikakosa pa kukaa.

Waliwazunguka. Wengine walikimbia, wakatupa mashoka. Mwenye msumeno alinaswa na Hasani kwa shingo ya shati. Mbele kidogo lori lilikuwa limekwisha kujaa magogo, na dereva alipoona watu aliliondoa kwa nguvu, likapita kwenye njia ya mkokoteni kuelekea barabara ya Mitole. Aliyekuwa akifunga kamba ya magogo aliporomoka kutoka nyuma ya lori, akaanguka, na vijana wa doria wakamkalia. Walipomgeuza, walimtambua mara moja.

Alikuwa Benjamin.

Bi Romana alimsogelea. Kijana aliinua uso wake uliojaa vumbi, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwao, akamtazama mama mkwe machoni.

"Mama," alisema, "Agnes aliniambia umekwenda Mitole."

Hakuhitaji kusema zaidi. Bi Romana alianza kuhesabu. Kila doria ilikuwa na unga. Kila unga ulitwangwa uani kwake. Kila alipopanga safari na Hasani, walikaa jikoni kwake, na nyuma ya ua wa makuti kulikuwa na mtu mwenye adabu anayetengeneza pikipiki, ambaye heshima ya ukwe ilikuwa imewafanya wote wamhesabu kuwa hayupo. Halafu mtu huyo hupanda kilimani na simu yake, kama wapandavyo wote. Leo hapakuwa na unga, na ndiyo sababu leo wamewakuta.

"Mwenyekiti," Hasani alisema kwa sauti ya chini, "lori linakwenda. Likifika barabara kubwa hatutaliona tena."

Bi Romana alitoa simu yake kwa mazoea, akaona haina kitu, akairudisha. Akamgeukia yule mtu aliyempeleka kule ili amnase.

"Kaka Optatus. Sema na watu."

Mzee alibonyeza, akamwita Fauzia, na Fauzia akaitikia papo hapo. Kwa Kiswahili cha wazi, polepole, mzee akaeleza: lori la magogo, rangi ya bluu, linakuja kwa njia ya Lihonja, zuieni njia panda. Walisikia Fauzia anapaza sauti kuita watu, na kelele za watu wanaokimbia. Baada ya muda ikaja sauti nyingine, ya Abilahi mtendaji, isiyozoea chombo kile.

"Haya, tunapeleka magogo tufunge njia. Na mimi napanda kilimani kuwapigia polisi. Nipe majina ya mliowakamata, wataniuliza."

Mzee Optatus aliishusha redio, akamsogelea Bi Romana.

"Romana, Fauzia ameweka spika nje, na asubuhi kama hii uani kwangu watu huja kuchaji simu. Nikitaja jina, wamelisikia wote. Naweza kusema tu kwamba tumekamata wawili. Hilo si uongo."

Watu wa doria walitazama chini, kila mmoja ameona kitu cha kukitazama kwenye buti lake. Benjamin ndiye aliyesema.

"Mama, Agnes ana mimba. Hajakwambia bado. Usinitaje. Nitaondoka leo hii hii, hutaniona tena."

Bi Romana alifumba macho. Mjukuu. Alimwona Agnes akitembea kisimani na watu wakinyamaza anapopita. Alijiona yeye mwenyewe, mwenyekiti, mlinzi wa msitu, aliyemlisha mwizi. Neno moja tu likibaki mdomoni, aibu hii itabaki bondeni. Halafu akaiona kesho. Kesho ilikuwa Alhamisi. Jina la mwizi wa kijiji lisipotajwa, kijiji kilikuwa nalo jina lake tayari, na kabla ya adhuhuri mianzi ile ingekuwa kuni, na mzee aliyesimama mbele yake na redio mkononi, aliyekuwa bado anamtafutia njia ya kuficha aibu yake, angekuwa kwenye basi la Mtwara.

"Nabonyeza wapi?" aliuliza.

"Hapa. Sema ukiwa umebonyeza. Ukimaliza, achia."

Aliishika kwa mikono miwili.

"Abilahi, ni mimi Romana. Wa kwanza ni mgeni, hatumjui. Wa pili ni Benjamin, mume wa Agnes, mkwe wangu. Analala nyumbani kwangu. Mzee Optatus alijua safari hii tangu Jumapili na hakumwambia mtu. Milingoti yake msiiguse."

Akaachia. Ikaja sauti ya Fauzia, ya taratibu sana. "Tumekusikia, mama."

Lori lilikamatwa njia panda, likiwa limezuiwa na magogo ya minazi na wanawake waliokuwa na majembe. Waliotoka kulizuia ndio wale wale waliokuwa wakitazama kutoka barabarani.

Bi Romana alifika nyumbani mchana. Agnes alikuwa amekaa chini karibu na kinu, hapiki wala hafanyi chochote, uso umemvimba.

"Nilikuwa kwa Mzee Optatus, nachaji simu," alisema kabla hajaulizwa. "Nilikusikia."

Mama aliketi kando yake.

"Kila nikitwanga alikuwa ananiuliza, kesho mama anaelekea upande gani? Nami namwambia. Ni mume wangu, mama. Ningemficha nini?"

Bi Romana alitaka kukasirika, akakuta hana wa kumkasirikia. "Hata mimi sikumficha," alisema. "Nilikuwa nasema yote hapa jikoni, yeye yuko nyuma ya ua." Akamvuta binti yake kifuani, wakalia pamoja, na mchi ukabaki kwenye kinu.

Mkutano wa Alhamisi ulifanyika kama ulivyotangazwa, maana Abilahi alisema ajenda ikishabandikwa ubaoni haibanduliwi. Watu walijaa mpaka nje ya ofisi ya kijiji. Mzee Optatus alikaa mbele kwenye kigoda, akiwa na kofia yake magotini. Mtendaji aliposoma ile ajenda ya kushusha milingoti, wengi walikohoa. Mtu mmoja nyuma, ambaye shaka ilikuwa imemkaa mwilini isitoke kwa dawa moja, aliuliza kama wale Wajapani wana hakika kwamba hawataki kitu. Watu walicheka, na mzee akacheka nao. Kisha msichana mmoja wa sekondari akauliza mtihani wa leseni unafanywa lini, na Fauzia akasema aje Jumamosi, chai itakuwepo.

Bi Romana aliomba kusema. Alisimama katikati, akiwa amevaa khanga zake za kigangoni. Kwanza alimgeukia mzee.

"Kaka, nilikupeleka Lihonja ili nikunase. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa, kwa sababu nilikushuku mbele ya watu hawa."

Mzee Optatus alitikisa kichwa taratibu. "Yameisha, dada yangu," alisema papo hapo, na safari hii Bi Romana alielewa kwamba mtu anaweza kuwa na maneno tayari na asiwe na hila.

"Na ninyi ndugu zangu," aliendelea, "mnaniuliza tangu jana ilikuwaje nisijue. Niwaambie. Nilimtilia shaka aliyekuwa anasema mbele ya dunia nzima, kwa sababu simjui. Aliyekuwa anakula chakula changu ameinamisha macho sikumtilia shaka, kwa sababu ni wangu. Nimelinda mpaka wa msitu, nimelinda njia, nimelinda hata hewa, mlango wangu nikauacha wazi. Mimi sitakuwa mwenyekiti wenu tena. Atakayenifuata nampa neno moja tu la kumsaidia, na wazee walilisema kabla yangu."

Alimtazama Agnes aliyekuwa amekaa kati ya wanawake, akavuta pumzi, akalisema.

"Kikulacho ki nguoni mwako."